Vipande vya kanga na kitenge usitupe, shona mfarishi wa mtoto

Ukipita Ngamiani hapa Tanga jioni, mafundi wakishafagia, mlangoni kwa kila mmoja unakuta kiroba cha vipande kinasubiri kutupwa au kuwashiwa jiko, na ukiomba vizuri unapewa bure au kwa hela ya soda tu. Kuelekea Idi ndo wakati wenyewe, manake mafundi wanakesha na cherehani na vitenge vinakatwa kwa wingi. Desemba na Januari vipande vipo pia ila vingi ni vya sare za shule, tetroni tupu, hivo mi nachukua kwa ajili ya kujazia mito basi. Nimechagua mfarishi wa mtoto, yaani lile blanketi la viraka la tabaka tatu, kwa sababu unamaliza vipande vingi kwa mpigo na hauna mambo ya kukata shingo wala mikono, ukiweza kupiga mstari ulionyooka unaweza kuushona.

Kabla ya mkasi, chambua. Hii hatua watu hawaipendi lakini ndo inayoamua kama mfarishi utadumu au utafuliwa mara moja ujikunje kona zote. Kanga nyingi ni pamba, zikiingia maji zinarudi, yaani zinapungua. Kitenge kuna cha pamba na kuna cha polista na kwa macho vinafanana kabisa, sasa ukivishona pamoja kimoja kinarudi kingine kinabaki vilevile, ndo hapo unaona mikunjo. Kuvijua chomoa uzi mmoja mmoja au kata kipande kidogo sana, kishike na koleo juu ya ndoo ya maji, kichome. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi na inaacha jivu laini. Polista inayeyuka, inajikunyata na inaacha kidonge kigumu cheusi (usikiguse kikiwa cha moto, kinang'ang'ania kwenye kidole). Pamba weka upande mmoja kwa ajili ya mfarishi, polista na tetroni upande mwingine. Satini, shifoni na lesi mi hata sihangaiki nazo.

Alafu fua. Vipande vidogo ukivifua hovyo vinachanika nyuzi na kufungana, we vitie kwenye foronya au ule mfuko wa neti wa vitunguu, funga mdomo, kandamiza kwenye maji ya sabuni bila kusugua. Nyekundu na nyeusi fua peke yake mpaka maji yatoke meupe. Kuna wanaoloweka kwenye chumvi eti ishike rangi, kwa kanga ya kiwandani chumvi haisaidii kitu, kinachosaidia ni kuisuuza mpaka ichoke kuchuja. Ukiwa na wasiwasi na kipande, kiloweshe, kiweke juu ya kitambaa cheupe ukipige pasi ya moto, kikiacha doa hicho hakifai kukaa karibu na nyeupe.

Sasa kukata. Chukua boksi gumu ukate pande nne sawa za inchi 5, hicho ndo kipimo chako, unakiweka juu ya kitambaa unapitisha chaki. Usipime kila kipande na tepu, ukifika cha ishirini tayari vimetofautiana. Unahitaji vipande 48, sita kwa upana na nane kwa urefu. Kila kipande kikiliwa robo inchi kila upande kinabaki inchi 4 na nusu, kwa hiyo uso wa viraka utatoka kama inchi 27 kwa 36, unamtosha mtoto mchanga mpaka aanze kutembea. Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, vile vya mshazari vinavutika na vitakusumbua.

Kwenye kanga angalia jina, ule msemo ulioandikwa. Ukilikata katikati linabaki nusu fumbo, na nusu fumbo ni baya kuliko zima, unampelekea wifi zawadi ya uzazi yeye anakaa anamalizia mwenyewe yale maneno uliyoyakata. Mi majina nayaacha yote pembeni, natumia mji (ile sehemu ya katikati) na pindo tu.

Vipange sakafuni kwanza, giza na mwanga vikipishana, kisha simama mbali uangalie au piga picha na simu, kwenye picha ndogo unaona haraka wapi rangi zimerundikana. Ukiridhika okota mstari kwa mstari.

Kwenye kushona, robo inchi ndo kila kitu. Zile cherehani zetu za miguu hazina alama ya kuaminika, kwa hiyo shusha sindano, weka rula, pima robo inchi kulia kwa sindano alafu bandika plasta ya kidonda pale kwenye bamba, ibandike nyooka na nene kidogo ili kitambaa kiwe kinagonga ukuta wake. Hapo unashona huku unaongea na watu na mstari haupindi. Sindano namba 14, mpya, sio ile iliyoshona jinzi mwaka jana.

Unga vipande sita uwe mstari mmoja, fanya hivo mistari minane. Kabla ya kuunganisha mistari piga pasi, maungio ya mstari wa kwanza yalale kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Ukiibana mistari miwili pamoja yale maungio yanajifunga yenyewe na kona zinakutana sawasawa. Wenye pasi ya mkaa tandazeni kitambaa juu kwanza, cheche moja inatosha kukurudisha kwenye kiroba.

Katikati weka nini? Hapa Tanga usinidanganye na pamba nene, mtoto ataloa jasho. Kanga kuukuu iliyolainika inatosha, au kama unataka uzito kidogo kwa ajili ya alfajiri za Kusi, blanketi jembamba lililochakaa. Sufi ni tamu lakini iache kwenye mito, ukiifua inafanya mabonge.

Tandaza chini bitana, yaani kitambaa cha mgongoni, uso uangalie sakafu, iizidi ile ya viraka kwa inchi 2 kila upande. Kanga moja inatosha na inabaki. Juu yake tandaza ya katikati, mwisho ile ya viraka uso juu. Piga bandi (ya kushikilia kwa muda) kwa mkono kwa mishono mirefu kuanzia katikati kwenda pembeni, ukianzia pembeni unasukuma mikunjo inakusanyika katikati na haitoki tena. Kisha cherehani, mistari sambamba na maungio, karibu nusu inchi pembeni yake, mishono iwe mirefu kidogo kuliko kawaida. Ukiwa na blanketi ndani badili sindano uweke 16. Wasio na cherehani washone kwa mkono, inachukua siku lakini mi naona ndo inapendeza zaidi.

Punguza kingo ziwe sawa, toa bandi. Kwa pindo la mfarishi kata mikanda ya inchi 2 na nusu kutoka pindo la kanga, unga mpaka ufike kama inchi 140, kunja katikati piga pasi, shona upande wa mbele kingo mbichi zikiwa pamoja, ukibakisha robo inchi kabla ya kona simama, kunja mkanda juu kisha urudishe chini uendelee. Geuza nyuma umalizie kwa mkono, cherehani nyuma inaonekana ovyo.

Vipande vyembamba kama kamba vilivyobaki vishonee kimoja kando ya kingine juu ya kipande cha shuka kuukuu, kata umbo, hapo umepata kishikio cha sufuria au upande wa mfuko wa kwendea sokoni Mgandini, ile mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na hii inafulika. Na zile tetroni? Zikate ndogondogo sana, changanya na sufi, jazia mto wa kukalia chini. Zikiwa peke yake mto unakuwa mzito kama wa mchanga, na toa kwanza zipu na vifungo vyote.