Kufidia hewa ukaa ya safari za ndege za watumishi: mwongozo kwa ofisi za mkoani Tabora

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia afisa mazingira wa halmashauri moja hapa Tabora, aliyetakiwa kuonesha hewa ukaa iliyotokana na safari za ndege za viongozi wake katika mwaka wa fedha. Serikali ya Uingereza ilianza kufidia safari za mawaziri na watumishi wake mwaka 2006, yaani kulipia miradi inayozuia au kupunguza hewa ukaa kwa kiasi kilekile kilichotolewa na safari hizo, na nyaraka zilizomo katika majalada yetu zinatosha kutuwezesha kufanya vivyo hivyo.

Hatua ya 1: Punguza safari

Kikao kinachowezekana kwa njia ya video kifanyike hivyo. Anayetua Dar es Salaam akielekea Dodoma apande treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria hadi Dodoma tangu mwaka 2024.

Hatua ya 2: Orodhesha vipande vya safari

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Usitegemee hati ya malipo, kwa kuwa huandikwa "Tabora–Arusha na kurudi" hata pale ambapo mtumishi alipitia Dar es Salaam. Fungua marejesho ya masurufu, utafute bodipasi, na uandike vifupisho vya viwanja kama vilivyochapwa: TBO kwa Tabora, TKQ kwa Kigoma, DAR kwa Dar es Salaam. Kila kuruka kwa ndege ni kipande kinachojitegemea, kwa sababu ndege huteketeza mafuta kwa kasi kubwa zaidi inapopaa; hivyo ndege ya Kigoma ikitua Tabora njiani, abiria wa Kigoma anaandikiwa vipande viwili.

Tiketi iliyobadilishwa tarehe huacha nakala mbili jaladani, nawe uhesabu ile yenye bodipasi tu. Bodipasi nyingi huchapwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia baada ya miezi michache, kwa hiyo mhasibu aitoe kivuli siku ileile inapoletwa. Safari iliyolipiwa na mfadhili huzua ubishi kila mara: msimamo wangu ni kwamba ofisi ifidie kila kiti alichokalia mtumishi wake, bila kujali aliyelipa, isipokuwa mfadhili awe ametoa uthibitisho wa maandishi kwamba amekwisha kukifidia. Andika pia daraja la kiti, kwa maana katika safari ndefu za nje, viwango vya Uingereza humhesabia abiria wa daraja la biashara karibu mara tatu ya yule wa daraja la kawaida.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tumia kikokotoo cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kinachopatikana bure mtandaoni. Sipendekezi vikokotoo vya wauzaji wa fidia, kwa kuwa vingi havielezi vimefikaje kwenye jibu. Kilo 1 ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa. Ndege ikitumia tani 2 za mafuta ikiwa na abiria 60, kila mmoja anahesabiwa takriban kilo 105 za hewa ukaa. Kikokotoo hicho hakihesabu athari za mawingu yanayoachwa na ndege angani, kwa hiyo jambo hilo litajwe wazi katika taarifa.

Hatua ya 4: Nunua fidia

Kupanda miche uani kwa ofisi siku ya kupanda miti ni jambo jema, lakini si fidia, kwa sababu hakuna anayepima kaboni yake wala anayehakikisha kwamba miche hiyo itakuwa hai baada ya miaka ishirini. Napendelea miradi ya kulinda misitu ya miombo iliyosimama, mfano ule wa milima ya Ntakata, wilayani Tanganyika, Katavi, ambako vijiji hulipwa kwa kulinda msitu wao. Kwa mwongozo wa miradi iliyosajiliwa nchini, wasiliana na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Fidia huuzwa kwa hati za kaboni; hati moja ni sawa na tani 1 ya hewa ukaa, nawe ujumlishe safari zote za mwaka ndipo uongeze hadi tani kamili inayofuata.

Hatua ya 5: Hakikisha hati zimefutwa

Hati iliyonunuliwa bila kufutwa, yaani kuwekewa alama kwamba imekwisha kutumika, kwenye daftari rasmi la hati za mradi inaweza kuuzwa tena, na hapo hakuna kilichofidiwa. Mtake muuzaji aandike jina la ofisi yako na mwaka wa fedha kwenye nafasi ya mnufaika, kisha uchapishe ukurasa wenye namba za hati hizo na uufungie kwenye jalada la marejesho ya masurufu, mahali ambapo mkaguzi wa ndani atauona.