SOMO: Jinsi ya kusalimia kwa Kirusi, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Somo hili nimeliandaa kwa watu wa aina mbili, vijana wanaopata skolashipu za kwenda kusoma Urusi, na ndugu zetu wa Zanzibar wanaokutana na wageni wa Kirusi kila siku kule Nungwi na Kendwa. Wengi wamekariri "privet" (salamu ya kirafiki, kama "mambo") peke yake alafu wanamrushia kila mtu hadi bibi wa miaka sabini, hapo ndo mambo yanapoharibika, kwahiyo twende taratibu.

Hatua ya 1: jua unaongea na nani
Warusi wana "wewe" mbili. Ты (ti) ni ya rafiki, ndugu, mtoto, mwanafunzi mwenzio. Вы (vi) ni ya mwalimu, daktari, polisi, muuza duka, na mtu mzima yeyote usiyemjua. Sisi kwenye shikamoo tunaangalia umri, wao wanaangalia umri na pia mmezoeana kiasi gani, ndo maana hata dada wa dukani mliyelingana naye umri unampa vi. Ukiwa na mashaka shika vi, mkishazoeana mwenyewe atakwambia muongee kwa ti.

Hatua ya 2: salamu yenyewe
Ya heshima ni Здравствуйте. Najua inatisha ila sikiliza, ile v ya kwanza haitamkwi kabisa, unasema ZDRA-stvuy-tye, nguvu yote iko kwenye ZDRA. Kosa letu waswahili ni kuchomeka irabu katikati ya konsonanti, tunasema "zidarasituvuite", na mtu hakuelewi. Ifanyie mazoezi polepole, anza na "zdra" peke yake mpaka ulimi uzoee. Ukiongea na mtu mmoja wa ti unaondoa -tye mwishoni, inabaki zdrastvuy, ila vijana wenyewe kwa wenyewe wanasema Привет (pri-VYET).

Kwa anayeona hiyo ngumu kuna za kufuata muda, nazo ni za adabu kwa mtu yeyote:
Доброе утро (DObraye Utra), asubuhi
Добрый день (DObri dyen), kuanzia saa sita mchana hivi
Добрый вечер (DObri VYEchir), jioni jua likishaelekea kuzama
Спокойной ночи (spaKOYnay NOchi) hii SIO salamu ya kukutana, ni ya kumuaga mtu anayeenda kulala. Usiingie nayo mgahawani saa mbili usiku.

Mmeona nimeandika "utra" wakati kwenye maandishi ni "utro"? Herufi o isipobeba mkazo inasikika kama a, ndo maana asante imeandikwa spasibo ila watu wanasema spaSIba, na nzuri ni kharaSHO. Mkazo wao hauna sehemu maalum kama wetu ambao unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo kila neno lijifunze na mkazo wake. Kwenye kh na r hamna shida, tayari tunazo.

Hatua ya 3: hali
Как дела? (kak diLA) ni "vipi hali". Jibu narMALna (kawaida tu) au kharaSHO, alafu rudisha "na wewe je": a u vas? kwa vi, a u tiBYA? kwa ti. Baada ya hapo basi. Hamna habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Na mtu usiyemjua usimuulize kak dila kabisa, salamu inatosha.

Hatua ya 4: jina
Mtu mzima anaitwa jina lake na jina linalotokana na la baba. Baba akiwa Ivan, mwanaume ni Ivanovich na mwanamke ni Ivanovna. Mwalimu wako utamwita Anna Sergeyevna, sio Anna, na sio "madam". Liulize siku ya kwanza, liandike, likariri, hili wanalithamini sana.

Kuaga ni До свидания (dasviDAniya) kwa heshima, paKA kwa rafiki.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nungwi: Mgeni namsalimia vizuri tu lakini hatabasamu, nakuwa nimemuudhi?
Jibu: Hapana mkuu. Kwao kumchekea mtu usiyemjua sio desturi, uso mkavu sio hasira. Wewe anza na dobri dyen, privet ibakie kwa vijana wenzako. Alafu sio kila anayeongea Kirusi ni Mrusi, wapo wa Kazakhstan, Belarus na kwengineko, muulize kwanza anatoka wapi.

Mdau: Nikikutana na mwalimu asubuhi alafu tena mchana, nasalimia upya?
Jibu: Zdrastvuytye ni mara moja kwa siku kwa mtu huyohuyo. Ukirudia atadhani umesahau kwamba mmeshaonana. Mara ya pili inamisha kichwa kidogo, inatosha.

Mdau: Kupeana mikono je?
Jibu: Wanaume wanapeana, hata ukikuta kundi unampa kila mmoja, na glovu unaivua kwanza hata kama baridi inakata. Mwanamke subiri yeye anyooshe. Na usimpe mtu mkono mmoja wenu akiwa ndani na mwingine nje ya kizingiti, wanaamini inaleta ugomvi, ingia ndani kwanza.

Mdau wa Tanga: Mimi muislamu naenda Kazan, nikisema asalaam aleykum wataelewa?
Jibu: Kwa waislamu wenzio wataitikia na watafurahi, Kazan ni mji mkuu wa Tatarstan, jamhuri ya Watatari iliyo ndani ya Urusi, na Watatari wengi ni waislamu, utaisikia sana msikitini. Chuoni na ofisini tumia zdrastvuytye. Na pale hosteli kuna mlinzi wa mlangoni, mara nyingi ni mama mtu mzima, huyo usimpite kimya hata siku moja, ndo atakayekufungulia ukichelewa.

Mdau: Kwenye simu?
Jibu: Pokea kwa aLYO, au SLUshayu, maana yake nakusikiliza. Wewe ndo umepiga? Salimia, taja jina, sema shida yako.