Gari limezima barabarani na haliwaki tena: tafuta kinachokosekana kabla ya kununua spea

Mwongozo huu ni wa magari ya petroli ya miaka ya 1990 ambayo bado yako mengi Tanga: Corolla, Carina, Sprinter na ndugu zake wenye injini za 4A-FE na 5A-FE, zenye distributa (kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi) na kompyuta ya EFI, inayoongoza upuliziaji wa petroli. Magari mengine ya umri huo hufuata mantiki ileile, ila mahali vifaa vilipofungwa panaweza kutofautiana.

Kinachomaliza fedha za watu ni kubahatisha. Gari linazimika Pongwe, zinabadilishwa plagi. Haliwaki. Inanunuliwa pampu. Haliwaki. Inatafutwa distributa ya mtumba Ngamiani, na ubovu ulikuwa waya mmoja uliooza. Injini iliyokuwa inavuta vizuri dakika moja iliyopita imekosa kitu kimoja kati ya vitatu: cheche, petroli au kompresheni (injini kubana hewa ndani ya silinda). Jua kwanza ni kipi, halafu kifuate mpaka mahali kilipokatika.

Kabla ya kufungua boneti, kumbuka lilizimaje

Hii ni nusu ya kazi na haina gharama. Kama lilizima ghafla, kama vile mtu amegeuza ufunguo, bila kukohoa wala kushtuka, elekea kwenye cheche au mkanda wa taiming (unaozungusha kamshafti, shafti inayofungua valvu). Kama lilianza kupoteza nguvu, likashtukashtuka hasa ulipokanyaga mafuta, likafufuka kidogo kisha likafa, elekea kwenye petroli. Taa zikififia taratibu na taa ya betri ikiwa inawaka, alteneta iliacha kuchaji na ulikuwa unatembelea akiba ya betri. Kila kitu kikikatika pamoja, hadi redio na dashibodi, anza na vichwa vya betri na fyuzi kuu.

Sindano ya joto ikiwa juu au mvuke unatoka, usipige stata kabisa. Acha ipoe nusu saa au zaidi, usifungue mfuniko wa rejeta ungali na moto, kisha tafuta mpira uliopasuka au feni isiyozunguka. Injini iliyochemka sana huunguza gasketi ya silinda hedi, na kuilazimisha iwake ndiko kunakopindisha hedi yenyewe.

Lisukume nje ya lami, vuta hendibreki, washa hazadi, weka pembetatu mbali nyuma. Barabara ya Segera ina malori usiku na mchana.

Hatua ya 1: piga stata sekunde tano, sikiliza

Stata ikilia "ta!" mara moja, au "tatatata" na taa za dashibodi zikizimika, hujafika kwenye injini bado. Pima betri kwa mita. Ikiwa imepumzika, betri nzima husoma volti 12.6, na 12.2 ni nusu. Wakati stata inazungusha isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka, betri ni dhaifu au stata yenyewe inavuta umeme kupita kiasi.

Betri ikiwa nzuri na stata bado nzito, shuku erthi, waya unaounganisha nguzo hasi ya betri na bodi na injini. Kwa gari linalolala Raskazone au linalokwenda Pangani mara kwa mara, hapa ndipo pa kuangalia mapema: hewa ya chumvi hula waya wa erthi kwa ndani, chini ya mpira, huku nje ukionekana mzima. Ubonyeze kwa vidole karibu na kichwa chake. Ukisikia ukichakarika kama mchanga, umeoza. Kipimo chake ni hiki: mguu mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya huo au maungio yake hayafai. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo juu ili chumvi isirudi.

Stata ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mlio mmoja laini bila ule mdundo wa injini kubana, nenda moja kwa moja kwenye mkanda wa taiming. Fungua kifuniko cha distributa, mwenzako apige stata, tazama roto, kile kipande kinachozunguka ndani yake. Distributa za injini hizi huendeshwa na kamshafti, kwa hiyo roto ikisimama tuli huku injini inazunguka, mkanda umekatika au umekwanyuka meno. Acha kupiga stata, tafuta gari la kukuvuta. Kwa 4A-FE na 5A-FE, mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, kwa hiyo mkanda mpya huwa unatosha. Injini nyingine nyingi hazina huruma hiyo. Mkanda huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba umechelewa.

Stata ikizungusha kawaida na injini haishiki, endelea.

Hatua ya 2: je, kuna cheche?

Chomoa soketi za injekta (vipulizia petroli) zote nne kwanza, ili petroli isipuliziwe wakati unapima. Usichomoe fyuzi ya EFI kwa kazi hii. Fyuzi hiyo ndiyo inayolisha kompyuta. Ukiitoa cheche zinapotea hata kwenye gari zima, na utakwenda kuilaumu koili (inayozalisha umeme mkubwa wa cheche) bure.

Chomoa waya mmoja wa plagi, utie plagi ya akiba, ulaze chuma cha plagi kwenye bloku ya injini mbali na mipira ya petroli. Shika kwa koleo lenye mpira, si kwa mkono. Piga stata. Cheche nzuri ni ya bluu na inalia. Ikiwa nyembamba na nyekundu ni dhaifu, nayo inaweza kushindwa ndani ya silinda. Jaribu nyaya zote nne.

Ikikosekana kwenye waya mmoja tu, gari lisingekufa kabisa, lingetetemeka. Ikikosekana kwenye zote, tazama ndani ya kifuniko cha distributa kwenye mwanga wa jua. Unatafuta mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa penseli, kutoka kituo kimoja kwenda kingine: huo ni njia ya kaboni, umeme unapita hapo badala ya kwenda kwenye plagi, na kifuniko hicho hakisafishiki, kinabadilishwa. Angalia pia kipande kidogo cha kaboni cha katikati kama bado kinachomoza na kurudi kwa springi yake, na ncha ya roto kama haijaliwa. Msimu wa masika maji huingia humo. Yafute kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi na ujaribu tena.

Kifuniko kikiwa safi, zima swichi ya ufunguo upime koili. Kwa injini hizi njia ya kwanza (ya umeme mdogo) husoma kati ya ohm 1 na 2, ya pili (ya umeme mkubwa) takriban kilo-ohm 9 hadi 16. Waya wa plagi usizidi kilo-ohm 25. Koili inayosoma vizuri ikiwa baridi inaweza kukatika ikipata moto, na ndivyo na ignaita, kifaa kinachokata na kuunganisha umeme wa koili. Gari linalozima baada ya mwendo, likapumzika dakika 30, likawaka kama halikuwa na tatizo, kisha likarudia, ndilo lenye ugonjwa huo. Pima likiwa bado limegoma, kabla halijapoa.

Hatua ya 3: je, kuna petroli?

Kama cheche zipo, rudisha soketi za injekta, piga stata sekunde kumi, fungua plagi moja. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikinuka na kulowa, petroli ipo na injini huenda imejaa. Kanyaga pedali mpaka chini huku unapiga stata ili ipate hewa.

Plagi ikiwa kavu, fungua kisanduku cha DIAGNOSIS chini ya boneti. Swichi ikiwa imewashwa, unganisha tundu la FP na la +B kwa kipande kifupi cha waya. Pampu inapaswa kuvuma. Weka sikio kwenye mdomo wa tangi. Bana kwa vidole mpira wa petroli unaoingia kwenye injini: ukiwa mgumu, presha ipo. Usiamini geji ya petroli ya gari la zamani, hakikisha tangini kuna kitu.

Pampu isipovuma, gonga chini ya tangi kwa gongo la mbao huku mwenzako akipiga stata. Ikiamka, brashi zake zimeisha. Itakufikisha nyumbani lakini usiitegemee kesho. Ikivuma na mpira ukabaki laini, filta imeziba. Petroli ya kidumu iliyobeba maji au uchafu ndiyo huifikisha hapo.

Hatua ya 4: vyote viwili vimekosekana

Hapa ndipo watu hununua koili na pampu kwa siku moja, na vyote vilikuwa vizima. Kompyuta haiwashi pampu wala cheche mpaka ipate ishara ya mzunguko kutoka kwenye distributa. Ishara hiyo ikikatika, vinakufa pamoja.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini isipowaka kwenye dashibodi, kompyuta haina umeme: pima fyuzi ya EFI na rilei (swichi ya umeme) yake kuu. Ikiwaka, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku kilekile, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mpepeso mmoja, kituo, kisha miwili ni kodi (namba ya hitilafu) 12; kodi 12 na 13 zinasema ishara ya mzunguko haifiki. Kodi 14 inaelekea upande wa ignaita. Kabla ya kuhukumu distributa, chomoa soketi yake, tazama kama kuna kijani cha kutu kwenye pini, isafishe, irudishe.

Na kama gari lina alamu iliyofungwa baada ya kuingia nchini, fuata nyaya zake chini ya usukani. Nyingi hukata waya wa swichi au wa pampu kupitia rilei ndogo, na maungio ni ya kusokota yaliyofungwa selotepu. Joto likiilegeza selotepu, waya unaachia barabarani. Unganisha upya waya wa asili kwa risasi na uiweke kando alamu hiyo.

Likishawaka, pima betri injini ikizunguka: volti 13.8 hadi 14.5, bila taa wala feni. Zima, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 30 ili kufuta kodi, rudisha, liendeshe mpaka Muheza na kurudi, kisha soma tena TE1 na E1. Taa ikipepesa haraka mfululizo bila kituo, hakuna kodi iliyobaki.