SOMO: Mashine ya kapsuli inadondosha kahawa badala ya kuimimina? Itoe ukoko

Naandika hili ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Malalamiko ni yale yale: kahawa inatoka tone tone, kikombe hakijai, inatoka vuguvugu, mashine inanguruma kama trekta. Mara nyingi mchawi ni ukoko wa chokaa, ile chumvichumvi nyeupe iliyoganda ndani ya birika. Ndani ya mashine hizi maji hupita kwenye njia nyembamba sana, kwa hiyo ukoko kidogo tu unatosha kuleta shida.

Pima kwanza, usikimbilie dawa. Bila kapsuli, funga mkono wa mashine, weka jagi lenye alama za mililita chini ya mdomo, bonyeza kitufe cha kikombe kirefu. Mashine ndogo za Nespresso za aina ya Original huwekwa kiwandani 40 ml kwa kikombe kifupi na 110 ml kwa kirefu. Maji yakitiririka vizuri bila kapsuli halafu yakadondoka ukiweka kapsuli, anza na pale kapsuli inapokaa: masalia ya kahawa kwenye sindano au kwenye bamba la kutobolea. Yakidondoka hata bila kapsuli, endelea kusoma.

Mahitaji: unga wa ndimu (asidi ya sitriki) gramu 30 kwa lita 1 ya maji. Tangi lako likiwa dogo, gramu 15 kwa nusu lita. Huna mizani? Kijiko cha chai cha kusawazisha ni kama gramu 5. Tafuta pia chombo cha kukingia kinachobeba zaidi ya maji uliyotia. Kama una dawa ya kampuni iliyotengeneza mashine yako, fuata kipimo cha pakiti na uachane na changu.

1. Toa kapsuli. Mwaga zilizotumika na maji ya kwenye trei.

2. Toa kichujio cha maji kama tangi lako linacho.

3. Koroga unga kwenye maji BARIDI hadi uyeyuke wote, ndipo umimine kwenye tangi. Punje isiyoyeyuka itaishia kwenye vali.

4. Washa hali ya kutoa ukoko. Kila modeli ina vitufe vyake, soma kijitabu. Ukiruka hatua hii ukabonyeza kahawa tu, taa ya onyo itabaki inawaka hata kama umeshasafisha.

5. Pitisha kama nusu ya maji, simamisha, subiri dakika 15. Kisha pitisha yaliyobaki, lakini usiache tangi likauke.

Hapa ndipo mashine nyingi "hufa" siku ya usafi. Pampu iliyomo humo ni ya kutetema: imeundwa kusukuma maji, si hewa, na maji hayo hayo ndiyo yanayoipoza. Tangi likikauka inavuta hewa, hewa inakaa ndani, na ukijaza tena unasikia kelele kubwa huku hakuna hata tone linalotoka. Mtu anadhani ni ukoko, anaongeza dawa, anabonyeza tena na tena, pampu inachemka hadi kinga yake ya joto inaikata. Kwa hiyo simama karibu. Maji yakibaki kimo cha kidole kimoja, bonyeza kusimamisha (kwenye mashine nyingi ni kitufe kile kile), au ongeza uliyoyakinga.

Kama hewa imeshaingia: zima, subiri dakika 20 ipoe. Jaza tangi maji safi, lichomoe na kulirudisha kwa kulikandamiza hadi likae sawasawa, inua mkono, bonyeza kikombe kirefu, kisha ushushe mkono taratibu pampu ikiwa inafanya kazi. Rudia mara tatu, si mara ishirini. Ikigoma, toa tangi, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, sukuma maji taratibu kwenye tundu ambalo vali ya tangi huchomekwa, rudisha tangi, jaribu tena. Kwa kawaida utasikia mlio ukibadilika, unakuwa mzito. Hapo maji yameshika.

6. Rudisha yale maji uliyoyakinga, pitisha mara ya pili. Yakiwa na magamba, yachuje kwa kitambaa kwanza.

7. Osha tangi, pitisha matangi mawili kamili ya maji safi. Onja tone: likiwa chachu, ongeza la tatu.

Maonyo matatu. Usiongeze unga ukidhani utaharakisha: asidi hii ikizidi na ikikutana na joto hufanya chumvi nyingine nyeupe isiyoyeyuka, yaani unatoa ukoko na kuweka ukoko. Usiiache dawa ilale ndani usiku kucha, kwani baadhi ya vipasha moto vina alumini. Na usichanganye asidi yoyote na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Gesi inayotoka ni sumu.

Maswali yaanze.

njia_fupi: Mkuu somo zuri ila ni refu. Siki haitoshi?

Mleta somo: Inayeyusha ukoko, ndiyo. Pia inakausha raba na kuacha harufu utakayoinywa wiki nzima, na Nespresso wenyewe wanaikataza kwenye mashine zao. Unga wa ndimu hauna harufu.

njia_fupi: Nimetia vijiko kumi ili iishe haraka. Sasa kuna unga mweupe chini ya tangi.

Mleta somo: Soma onyo la kwanza. Mwaga vyote, pitisha matangi matatu ya maji safi, anza upya kesho kwa kipimo nilichoandika.

Bint_Kahawa: Shikamoo mwalimu. Nawezaje kujua maji yangu ni magumu kiasi gani? Na kwa nini birika langu linashika ukoko haraka kuliko mashine?

Mleta somo: Marahaba, dada. Vipo vijikaratasi vya kupimia ugumu wa maji. Unachovya, unasubiri, unalinganisha rangi. Vijitabu vingi hutumia digrii za Kijerumani, na digrii 1 ni kama mg 17.8 za kalsiamu kabonati kwa lita. Kuhusu birika: linachemsha hadi 100°C na kuchemsha tena maji yale yale, na kadiri joto linavyopanda ndivyo chokaa inavyoganda zaidi. Mashine haifiki huko. Ila usidanganyike, ukoko wa birika unauona, wa mashine huuoni. Jagi lenye kichujio cha kulainisha maji husaidia sana, mradi ubadilishe kichujio kwa wakati. Litumie kwa birika pia.

ghorofa_ya_tatu: Ofisini tuko 20, mashine ni ya nyumbani. Tuisafishe kila baada ya muda gani? Tumekuwa tukifanya kila miezi 3 kama inavyoshauriwa.

Mleta somo: Ushauri kamili ni miezi 3 AU kapsuli 300, kinachotangulia. Piga hesabu: watu 20, vikombe 2 kila mmoja, ni kapsuli 40 kwa siku. Mnafika 300 siku ya nane ya kazi. Maji yenu yakiwa laini mtasogeza mbele, lakini miezi 3 ni mbali mno. Mkifikiria mashine ya ofisi, kumbukeni kwamba kapsuli za Nespresso za ofisini ni bapa kama vitufe vikubwa na haziingii kwenye mashine za nyumbani, wala za nyumbani haziingii huko. Maliza akiba kwanza.

mzee_wa_kikombe: Yangu ni Keurig. Maji yanapita, ila kikombe kinajaa unga wa kahawa.

Mleta somo: Huo si ukoko, mzee wangu. Keurig ina sindano juu na nyingine chini. Chomoa umeme, toa kishikio cha kapsuli, ingiza waya wa klipu ya karatasi kwenye matundu ya sindano, zungusha, suuza, kisha pitisha maji matupu mara mbili. Angalia vidole, sindano ya juu ni kali.

njia_fupi: Nikitia maziwa kwenye tangi nipate ya maziwa moja kwa moja?

Mleta somo: Hapana.

Bint_Kahawa: Nyongeza kwa wengine: nikipitisha maji matupu kwanza, kikombe kinapata moto na kahawa haipoi haraka.

Mleta somo: Sahihi kabisa, na mdomo unasuuzwa hapo hapo. Kapsuli nayo itoke mara tu ukimaliza. Ikilala humo inakaukia kwenye bamba, na mafuta ya kahawa hayatolewi na asidi. Hayo ni kazi ya kitambaa, maji ya moto na sabuni kidogo.