Programu ya mkopo ikiwatumia ndugu zako meseji: namna ya kulalamika

Meseji imeingia kwa bosi wako Kariakoo, kwa shemeji Mbagala, hata kwa mwalimu wa mtoto: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Wengi hukimbilia kufuta programu. Usifute kwanza, maana utafuta na ushahidi.

Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye programu hiyo, kisha ruhusa. Piga picha ya skrini ikionyesha imeruhusiwa kusoma majina, meseji na picha zako. Piga nyingine ya namba ya mkopo, kiasi na tarehe, na ya ukurasa wa duka la programu ulioandika jina na barua pepe ya mmiliki. Hapo ndipo wengi hukwama: jina la programu ni moja, la kampuni ni jingine kabisa, na malalamiko hayapelekwi kwa nembo. Ukimaliza, zima ruhusa zote, ndipo ufute. Majina waliyokwisha kuyachukua bado wanayo. Kufuta programu hakuyarudishi.

Sasa waombe waliopokea meseji wapige picha kwenye simu zao, namba ya mtumaji, tarehe na saa vionekane. Picha iliyokatwa juu haina maana.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Kampuni itajitetea kwamba ulibofya "nakubali". Lakini shemeji hakubofya chochote, wala hakukopa. Kwa hiyo mwenye hoja nzito kuliko wote ni yeye. Naye aandike malalamiko yake mwenyewe, si kutia saini chini ya yako. Watu watano, barua tano.

Anza na kampuni, kwa maandishi: "Naomba kujua mmechukua taarifa gani kwenye simu yangu, kwa lengo gani, na mmempa nani. Acheni kuwasiliana na watu hawa, na mfute namba zao." Weka tarehe ya mwisho ya kujibu. Wakikaa kimya, kimya hicho nacho ni kiambatisho.

Kisha peleka kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: barua uliyoiandikia kampuni, jibu lake kama lipo, picha, na maelezo mafupi yaliyopangwa kwa tarehe. Acha matusi, hata kama unastahili kutukana. Kampuni inayotoa taarifa za mtu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini hadi shilingi bilioni 5. Deni lako, hata hivyo, linabaki palepale.

Angalia pia kama mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Asiye na leseni mripoti huko pia.

Kukiwa na vitisho vya kudhuriwa, nenda polisi siku hiyohiyo na uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha polisi. Kila ofisi utakayopeleka barua kwa mkono, beba nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.