Kabla hujamkabidhi mtu funguo za duka

Duka likikua kiasi kwamba huwezi kukaa kaunta mwenyewe kutwa, usikimbilie kutafuta kijana mwaminifu. Jiulize kwanza: mtu akitaka kuniibia hapa, atapitia wapi? Shika daftari. Fuata shilingi tangu inatoka mfukoni mwa mteja hadi inaingia benki, kisha fuata mfuko wa saruji tangu unashuka kwenye gari hadi fundi anaubeba. Popote vinapopita mikononi mwa mtu mmoja bila mwingine kuona, weka alama.

Yanayojulikana nayapita haraka. Kila mauzo yatolewe risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na ripoti ya Z ya jioni, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotoa mashine hiyo, ilingane na taslimu, lipa namba na madeni. Malipo ya simu yathibitishwe kwenye simu ya duka, siyo kwa meseji anayokuonyesha mteja. Namba ya siri haiazimwi. Chai na bando visitoke kwenye droo ya mauzo.

Sasa hili lisikilize vizuri. Anayepokea mzigo asiwe yeye huyohuyo anayeutunza, anayeuandika na anayeuhesabu. Shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Mtunza stoo wake alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, likizo hataki hata kuisikia. Kila mwisho wa mwezi walihesabu saruji pamoja: mifuko ya mbele mara ya ubavuni mara kimo, leja inakubali, wanafunga. Siku jamaa kafiwa, kaenda kwao kuzika, kijana aliyeshika nafasi yake akapanda juu ya lundo kufuata futi iliyorushwa huko. Akakanyaga ubao, ubao ukapinduka, mguu ukaning'inia hewani. Mifuko ilikuwa imepangwa kuzunguka kama kuta za kisima. Juu mbao, na juu ya mbao mifuko mitupu. Katikati hakuna kitu.

Usidhani ni mambo ya maduka ya mtaani tu. Benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa 1762, ilianguka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827, maana mfanyakazi wake Nick Leeson kule Singapore alikuwa anafanya biashara na papo hapo anasimamia ofisi inayoiandika.

Kwa hiyo likizo iwe lazima, na mwingine ashike kazi kikweli. Mzigo ukishuka wasaini wawili, nakala ibaki kaunta. Kuhesabu kuwe kwa kushtukiza, na mifuko ya ndani itolewe, mgongo uume. Ndugu naye ahesabiwe, tena bila aibu. Kamera ielekee mlango wa stoo pia, na anayeweza kufuta picha asiwe mtunza stoo. Funguo za akiba ukae nazo nyumbani. Mtu akiacha kazi, badilisha kitasa, hata kama mmeagana kwa wema.