Kuratibu kipindi cha watoto baada ya shule uswahilini, hatua kwa hatua

Ninaratibu kipindi cha watoto katika mtaa mmoja wa Manzese, Dar es Salaam. Nyumba za kwetu ni zile za vyumba sita, korido katikati, choo kimoja uani, na kila chumba kina familia yake. Mtoto akitoka shule hana meza, na mara nyingi hamkuti mtu: mama yuko gengeni, baba yuko kwenye bajaji. Siku tatu kwa wiki anakuja kwetu. Tunasoma hadithi, tunacheza bao, tunachora, tunakunywa uji. Si tuisheni. Tuisheni inalipiwa na inakimbizana na mtihani.

Watu wanaotaka kuanzisha kitu kama hiki kwao huniuliza kwanza mtaala. Mtaala utapatikana. Kinachoua vipindi hivi ni saa. Ukiweka kipindi wakati ambao mtoto yuko kwenye foleni ya maji, hakuna atakayekuja kukuambia umekosea. Hutamwona tu.

Hatua ya kwanza: tembea mtaani wiki nzima

Usiende na fomu wala fulana yenye nembo. Nenda na daftari dogo, kuanzia saa saba mchana mpaka magharibi, uandike nani yuko wapi saa ngapi. Kaa kwenye baraza la fundi cherehani, nunua mihogo, salimia watu. Wiki hiyo moja itakufaa kuliko semina tatu.

Mimi niliandika hivi. Darasa la tatu mpaka la saba wanatoka saa nane. Shule ya karibu ina zamu mbili kwa madarasa ya chini, kwa hiyo kuna wadogo wanaozurura asubuhi na wengine wanaotoka saa kumi na moja jioni. Siku ya mgao wa maji, saa tisa ndoo zimeshapangwa. Saa kumi, baada ya alasiri, nusu ya watoto wako madrasa, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa, ambapo madrasa za kwetu hufungwa. Saa kumi na moja mama wa chapati anawasha jiko na anamtaka binti yake pale pembeni.

Ukiziweka saa hizo kwenye karatasi, nafasi inajionyesha yenyewe. Jumatatu na Jumatano tunaanza saa nane na nusu na kumaliza saa kumi kasorobo. Alhamisi tunakwenda mpaka saa kumi na moja. Awali tulikuwa tumeweka saa kumi mpaka kumi na mbili, siku tano, kwa sababu ndivyo mradi ulivyoandikwa na watu waliokaa ofisini. Tulipata watoto tisa.

Hatua ya pili: ruhusa, na kwa mpangilio

Anza ofisi ya serikali ya mtaa. Mwone mwenyekiti, kisha mtendaji wa mtaa, uache barua na uondoke na nakala iliyogongwa muhuri. Baada ya hapo nenda kata: afisa maendeleo ya jamii, afisa ustawi wa jamii, afisa elimu. Mwalimu mkuu ajue kabla hajasikia kwa watoto.

Halafu kuna balozi wa nyumba kumi, tunayemwita mjumbe. Huyu ni wa chama tawala, CCM, si wa serikali, na kuna wasomi watakaokwambia hahusiki. Mimi sikubaliani nao. Mjumbe ndiye anayejua chumba gani kimehamwa, mtoto gani analelewa na bibi, nani kafika jana kutoka mkoani. Kwetu mjumbe ni mama mtu mzima. Nilimpigia shikamoo, nikakaa kwenye mkeka wake, nikanywa chai yake, na kabla ya kikombe kwisha nilikuwa na majina ishirini.

Hatua ya tatu: mahali

Darasa la shule, ukumbi wa kanisa, ofisi ya mtaa, uani kwa mtu mwenye mwembe. Popote panafaa pakiwa na mambo matatu: choo kinachofungwa kwa ndani, maji ya kunawa, na mahali ambapo mpita njia anaona kinachoendelea ndani. Hili la tatu ni la usalama wa mtoto, usilegeze.

Bati ni tatizo ambalo hakuna anayelifikiria mpaka masika. Mvua ya Machi mpaka Mei ikipiga bati lisilo na dari, hata ukipaza sauti watoto hawakusikii. Weka sanduku la siku ya mvua: kete za bao, karatasi, kalamu za rangi, vitabu vya kusoma wawili wawili. Funguo za chumba ziwe seti mbili, kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Tulishakosa siku mbili nzima kwa sababu mwenye funguo alikwenda msibani Kisarawe.

Hatua ya nne: daftari

Nunua kaunta buku. Kila mtoto mstari mmoja: jina, umri, shule, darasa, chumba na nyumba wanayokaa, namba mbili za simu za watu wazima, ugonjwa (uliza pumu na selimundu kwa majina, usiulize tu "ana tatizo lolote?"), chakula kinachomdhuru, siku za madrasa, na nani anaruhusiwa kumchukua.

Fomu ya ridhaa isome kwa sauti mbele ya mzazi, maana wapo watakaotia dole gumba kwa aibu bila kujua wamekubali nini. Picha iwe kipengele cha peke yake, na mzazi aweze kukataa picha huku mtoto akiendelea kuja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, daftari hilo si la kuachwa mezani. Letu linalala kabatini.

Hatua ya tano: pima kusoma, mmoja mmoja

Hapa ndipo utatumia muda mwingi, na ukiharakisha utaharibu yote yanayofuata. Sisi tunatumia ngazi nne, zile ambazo watafiti wa mpango wa Uwezo walizitumia kupima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda: silabi, maneno, aya, hadithi. Andika karatasi moja kwa kila ngazi. Anza na aya. Mtoto akiimudu, mpe hadithi. Akikwama, mshushe kwenye maneno, kisha silabi. Dakika tano zinatosha kwa mtoto mmoja. Mpeleke pembeni, wenzake wasisikie, maana akichekwa leo kesho haji.

Usitumie kitabu cha shule kupimia. Alikuja kijana wa darasa la nne, akafungua kitabu akasoma ukurasa mzima kwa mbio, sauti safi kabisa. Nikatazama kidole chake. Kidole kilikuwa bado mstari wa kwanza, mdomo umeshafika wa tatu. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: "Baba amenunua samaki wawili." Akanitazama mimi, akatazama karatasi, akasema, "Ticha, hii hatujafika." Alikuwa amekariri. Alijua silabi, maneno hakuyajua, na miaka minne alikuwa akijificha nyuma ya kumbukumbu nzuri.

Baada ya kupima, panga makundi kwa ngazi, si kwa darasa. Wa la tano atakaa na wa la pili na itamuuma. Kwa hiyo makundi yetu yana majina ya samaki, kibua, changu, jodari na kolekole, na hayana namba. Kila baada ya wiki sita tunapima upya, na mtoto akihama kundi tunapiga makofi. Wadogo wanafurahi sana. Wakubwa wanajifanya hawajali.

Hatua ya sita: watu wa kufundisha

Waliomaliza kidato cha nne. Wanafanya mtihani Novemba, na kidato cha tano hakianzi mpaka Julai. Miezi yote hiyo wako nyumbani na wazazi wao wanatafuta cha kuwashughulisha. Wafundishe siku tatu kabla ya kuwakabidhi mtoto. Wape nauli na posho ndogo inayofika siku ile ile kila mwezi. Ukichelewesha posho, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Kanuni zetu ni chache na hazina mjadala: watu wazima wawili kila wakati, hakuna kumpeleka mtoto chumbani kwa mtu, hakuna fimbo, hakuna kumtumia mtoto ujumbe wa simu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote katika jamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza bandika ukutani namba ya afisa ustawi wa kata, ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto. Mkufunzi akiambiwa jambo zito na mtoto asihoji wala asichunguze. Asikilize, aandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, apige simu.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Uji kwanza. Nilishajaribu kuuweka mwisho ili "wasije kwa ajili ya uji". Lilikuwa wazo la mtu aliyeshiba. Mtoto aliyekunywa chai kavu saa kumi na mbili asubuhi hasikii silabi saa tisa.

Kwa watoto arobaini, kikombe cha robo lita kila mmoja, tunapika kilo moja na robo ya unga kwa lita kumi na mbili za maji, na sukari robo tatu ya kilo. Tunatumia dona tupu. Unga wa lishe ni mzuri, lakini mwingi una karanga, na karanga huwadhuru baadhi ya watoto. Unga wowote, nunua uliofungwa, wenye alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mahindi yaliyovunda huweza kuwa na sumukuvu, sumu ya ukungu, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Baada ya uji, dakika thelathini za kusoma kwa makundi, halafu kazi za mikono au michezo. Kwa hesabu sijaona kinachoshinda bao. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne. Kwenye bao la kujifunza kila shimo linaanza na kete mbili. Mtoto anayeogopa kutoa na kujumlisha ubaoni atakuhesabia raundi nzima kichwani ili ale kete zako. Komwe, zile mbegu tunazotumia kama kete, ni za bei ndogo, na mashimo tunachimba chini kwenye mchanga. Rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, ni ya kuhesabu pia, ukiwapa kazi ya kutunza pointi wenyewe. Nyimbo, maigizo na kuchora havihitaji maelezo yangu.

Kuondoka nako ni kazi peke yake. Watoto wetu wengine wanavuka Barabara ya Morogoro, na pale kuna njia za mwendokasi katikati. Mtoto anaangalia magari ya kawaida anasahau basi. Tumewagawa kwa njia za kurudia, kila njia na mkufunzi wake, na waliobaki wanachukuliwa na mtu aliyeandikwa kwenye daftari. Anko ambaye hayumo kwenye daftari hapewi mtoto, hata akiapa.

Hatua ya nane: soma mahudhurio

Kuita majina kila mtu anaita. Wachache husoma kilichoandikwa. Kila Alhamisi kaa na daftari, hesabu wavulana na wasichana mbali mbali, na anayekosa mara mbili mfululizo afuatwe nyumbani. Nenda kwa upole, mzazi asidhani umekuja kudai.

Mwezi wa tatu niligundua wasichana wa la nne na la tano wanapungua kila wiki. Nikajiambia labda hawapendi michezo yetu. Kisha siku moja nikamwona mmoja wao nje ya dirisha, amembeba mdogo wake mgongoni kwa kanga, anafuatilia hadithi kwa midomo bila sauti. Nilipomwita aliingia mpaka kizingitini akasimama. "Huyu atalia, ticha." Mama yake alikuwa anauza samaki Feri, na mtoto yule wa mwaka na nusu alikuwa kazi ya dada yake mpaka jioni.

Tukatandika mkeka kona moja, tukatafuta bibi wa mtaani mwenye mkono mzuri kwa watoto, tukamlipa posho sawa na wakufunzi. Wadogo wanakaa kwake. Wanalia, ndiyo, na kuna siku kelele zinakera. Ila ndani ya wiki tatu wasichana kumi na mmoja walirudi, na yule wa dirishani sasa ni jodari. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu baada ya uji, mlipe bibi wa mkeka.

Jambo jingine mahudhurio yatakuonyesha: watoto hupotea kwa mafungu. Wenye nyumba wa kwetu hudai kodi ya miezi sita mbele, na ikiisha familia iliyoshindwa inahama usiku. Mwambie mjumbe akujulishe. Tunampa mtoto anayehama kitabu kimoja na karatasi yenye ngazi aliyofika, aonyeshe mwalimu wa huko aendako.

Hatua ya tisa: likizo

Juni na Desemba shule zinafungwa, na wengi hufunga vipindi vyao pia. Sisi tunahamishia asubuhi, saa tatu mpaka saa tano, kabla jua halijawa kali na kabla foleni ya maji haijaanza. Rudia ile wiki ya kutembea kila likizo, maana saa zote zinabadilika: wengine wanapelekwa kijijini kwa bibi, wengine wanasaidia biashara, madrasa nyingine zinaongeza vipindi vya asubuhi. Daftari dogo lile lile, kurasa mpya.